Maana ya mwelekeo wa hali ya hewa wa kanda wakati wa wimbi la joto la mapema

Mwelekeo wa hali ya hewa wa kanda ni taarifa inayoeleza jinsi joto, mvua na upepo vinavyotarajiwa kuwa katika eneo pana kwa siku au wiki kadhaa zijazo. Hutofautiana na utabiri wa kila siku. Utabiri humwambia mtu kwamba kesho mchana joto katika mji fulani litafika nyuzi kadhaa, ilhali mwelekeo humwambia kwamba kanda nzima inaelekea kuwa na joto zaidi au pungufu kuliko ilivyozoea, na kwamba uwezekano wa hilo kutokea ni mkubwa au mdogo kiasi gani. Siku za kawaida tofauti hiyo haina uzito sana. Wimbi la joto linapopiga mwanzoni mwa majira ya joto, kabla watu hawajalizoea, tofauti hiyo huwa na thamani kubwa, kwa sababu mwelekeo ndio unaotangulia kufika, siku nyingi kabla ya kipimajoto kupanda.

Neno wimbi la joto lenyewe halina kipimo kimoja duniani. Kwa ujumla ni siku kadhaa mfululizo ambazo joto lake limezidi sana kawaida ya mahali hapo kwa wakati huo wa mwaka. Uingereza huhesabu siku tatu mfululizo zinazofikia kiwango kilichowekwa kwa kila jimbo, kati ya nyuzi 25 na 28 za Selsiasi. Uholanzi hutaka siku tano za nyuzi 25 au zaidi, tatu kati yake zikiwa zimefika 30. India, katika nyanda za chini, haianzi hata kulifikiria jambo hilo mpaka joto lifike nyuzi 40. Mtu akiviona viwango hivi kwa mara ya kwanza anaweza kudhani kwamba vinapingana, lakini vyote vinapima kitu kimoja, yaani umbali kati ya joto la leo na joto ambalo watu, nyumba na mimea ya mahali hapo vimelizoea.

Wazo hilo la umbali kutoka kwenye mazoea ndilo ufunguo wa kusoma mwelekeo. Tuchukue sentensi ya aina inayopatikana mara nyingi katika taarifa hizi: “Kuna uwezekano wa asilimia 60 wa joto kuwa juu ya wastani kuanzia siku ya 6 hadi ya 10.” Wengi huisoma kana kwamba inasema joto litapanda kwa asilimia 60, au kwamba asilimia 60 ya kanda itaungua, na hakuna hata moja kati ya hayo linalosemwa. Wataalamu huchukua kumbukumbu za miaka 30, ambazo kwa sasa aghalabu ni za 1991 hadi 2020, wakazipanga kuanzia mwaka uliokuwa baridi zaidi kwa tarehe hizo hadi uliokuwa na joto zaidi, kisha wakazigawa mafungu matatu yenye miaka kumi kumi. Fungu la juu ndilo linaloitwa juu ya wastani. Kama hakuna dalili yoyote angani, kila fungu lina nafasi sawa, yaani takriban asilimia 33. Kwa hiyo asilimia 60 maana yake ni kwamba nafasi ya kuingia katika fungu la joto imekaribia kuwa maradufu. Haisemi joto litafika nyuzi ngapi, wala haiahidi kwamba litakuja. Hata hivyo, kwa taarifa ya siku zilizo mbali namna hiyo, naona ni ishara yenye nguvu, na anayeipuuza kwa kuwa haijafika asilimia 100 anakosa muda mzuri wa kujiandaa.

Mtaalamu huweza kuliona wimbi mapema kwa sababu chanzo chake ni kikubwa na huenda polepole. Eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa hutanda juu ya kanda na kukaa hapo. Ndani yake hewa hushuka kutoka juu, na kila inaposhuka kilomita moja bila kupata unyevu hupata joto la karibu nyuzi 10, kwa kuwa inabanwa na uzito wa hewa iliyo juu yake. Mawingu hushindwa kujengeka, jua hupiga ardhi kutwa, na upepo wa kubeba joto hilo huwa hafifu. Katika nusu ya kaskazini ya dunia, Juni ndio mwezi ambao jua liko juu zaidi na mchana ni mrefu zaidi, kwa hiyo mgandamizo wa namna hiyo unapotua wakati huo ardhi hupokea miale mingi kuliko wakati wowote. Udongo nao una sehemu yake. Ukiwa bado na maji ya masika, sehemu ya nguvu ya jua hutumika kuyageuza mvuke, na ukikauka mapema, nguvu hiyo yote hubaki kuipasha hewa joto.

Ugumu hasa wa wimbi la mapema uko katika mwili. Mwili wa mwanadamu huhitaji kati ya wiki moja na mbili za kukutana na joto kila siku ili kulizoea. Katika siku hizo hujifunza kutoa jasho mapema na kwa wingi, hupunguza chumvi inayopotea na jasho hilo, na moyo huacha kwenda mbio kwa kazi ileile. Mtu aliyetoka kwenye wiki za baridi hana maandalizi hayo, kwa hiyo nyuzi 34 za mwanzoni mwa Juni humchosha na kumdhuru kuliko nyuzi 34 za Agosti, japo kipimajoto kinasoma namba ileile. Marekani ina kipimo cha hatari ya joto chenye ngazi kuanzia 0 hadi 4 ambacho hulizingatia jambo hili waziwazi: joto likiwa geni kwa tarehe hiyo, ngazi hupanda. Bahari na mito nayo huwa bado ya baridi wakati huo, na anayejitosa ghafla kwa kukimbia jua anaweza kushtuka, akapoteza pumzi na kuzama.

Katika taarifa yoyote ya namna hii mimi hutazama kwanza joto la chini la usiku, kabla ya joto la juu la mchana. Fikiria chumba cha ghorofa ya juu chini ya paa, saa nane za usiku. Nje kumeanza kupoa kidogo, lakini ukuta ukiuwekea kiganja bado una joto la jua la mchana, shuka imeshikamana na mgongo, na dirisha liko wazi bila upepo kupita. Mwili uliotegemea usiku kupumzika haupumziki, na kesho yake huanza siku ukiwa na deni. Mwishoni mwa Juni 2021 wimbi la joto liliikumba British Columbia nchini Kanada, na tarehe 29 kijiji cha Lytton kilipima nyuzi 49.6, rekodi ya nchi nzima. Katika jimbo hilo watu 619 walikufa kwa sababu ya joto hilo, na takriban asilimia 98 kati yao walipatwa wakiwa ndani ya majengo.

Neno kanda nalo linahitaji uangalifu. Namba ya kanda ni ya pamoja, na ndani yake mna pwani inayopozwa na upepo wa bahari, mabonde ya ndani ambako hewa hutuama, milima, na miji ambayo lami na zege vyake huhifadhi joto hadi usiku wa manane. Isitoshe, joto linalotangazwa hupimwa kivulini, ndani ya kisanduku cheupe chenye mbao zilizolazwa mshazari ili hewa ipite na miale isiingie, kikiwa kimesimama juu ya nyasi kwa urefu wa kifua cha mtu. Anayefanya kazi juani juu ya paa la bati hayumo katika joto hilo. Unyevu wa hewa huongeza tofauti hiyo: nyuzi 32 zikiwa na unyevu wa asilimia 70 mwili huzihisi kama 41 hivi, kwa kuwa jasho halikauki.

Siku zinapokaribia, mwelekeo hupisha utabiri, na utabiri huambatana na tahadhari za rangi. Ufaransa ilianza kutoa tahadhari za joto za aina hiyo mwaka 2004, baada ya joto la Agosti 2003 kuua watu wapatao 15,000 nchini humo. Rangi nyekundu, iliyo ya juu kabisa, haikutumika kwa joto hadi Juni 2019, ilipotangazwa kwa majimbo manne ya kusini, na tarehe 28 kipimajoto cha kijiji cha Vérargues, huko kusini, kikafika nyuzi 46.0. Kwa kuwa taarifa mpya huifuta ya zamani, tarehe na saa ya kutolewa ni sehemu ya maana yake, na mwelekeo wa siku tatu zilizopita haufai kusambazwa kana kwamba ni wa leo.

Mwelekeo pia hueleza jinsi wimbi litakavyovunjika. Mara nyingi hewa ya baharini huanza kupoza pwani, na maeneo ya ndani husubiri siku moja au mbili zaidi, wakati mwingine yakipitia radi zisizo na mvua ya kutosha ambazo huwasha moto katika nyasi zilizokauka. Kuta za nyumba hubaki na joto hata baada ya hewa ya nje kupoa, na kwa wazee na wagonjwa waliomo ndani hatari huendelea hadi kuta hizo zipoe.