Pete ya Mukuku, na tunayoyaamini kimakosa kuhusu anga za juu

Jumatatu ya tarehe 30 Desemba 2024, mnamo saa tisa alasiri, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni. Maofisa wa Shirika la Anga za Juu la Kenya (KSA) walifika, wakaichukua, na shirika likatangaza kuwa ni kipande cha roketi: pete inayotumika kutenganisha sehemu zake.

Tangu siku hiyo maswali kuhusu anga za juu yameongezeka, na majibu ya barazani yameongezeka zaidi. Mengi yana kosa moja: yanadhani huko juu hakuna mwenyewe. Sheria ipo tangu 1967, ila inazungumza na dola, yaani serikali za nchi. Mwenye shamba na mwenye kampuni hufikiwa kupitia dola zao.

"Kilichoanguka shambani mwangu ni changu"

Si chako. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967, kifungu cha 8, unasema chombo hubaki mali ya mwenyewe kikiwa kwenye obiti (njia yake ya kuzunguka Dunia), kikiwa Mwezini, au kikiwa kimelala katikati ya mahindi yako. Mkataba wa Uokoaji wa 1968 unaongeza kwamba nchi kilikoangukia imwarifu aliyekirusha pamoja na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Mwenyewe akikidai kinarudishwa, na gharama za kukiokota na kukirudisha ni zake. Kwa hiyo mnunuzi wa chuma chakavu anayekutajia bei anakuuzia kesi.

Kuna na sumu. Tangi la roketi likinusurika moto linaweza kubaki na hidrazini, kemikali inayodhuru kwa kuvutwa na hata kwa kugusa ngozi. Usikiguse kitu hicho. Ondoa watoto na mifugo, simama upande upepo unakotokea, piga picha kwa mbali, mwite chifu au polisi. Kisha andika mambo mawili ambayo watu husahau: dakika kilipoanguka, na upande kilikotokea. Mtaalamu atalinganisha saa hiyo na njia za vyombo vilivyokuwa vikirejea duniani siku ile. Kitu kilicho kwenye obiti ya chini hukimbia kama kilomita 7.5 kwa sekunde. Ukikosea dakika 10, umekikosa kwa kilomita 4,500, yaani kutoka Makueni hadi nje kabisa ya bara.

"Fidia nitaidai kwa kampuni"

Unaweza kujaribu mahakamani, na Mkataba wa Dhima (yaani wajibu wa kulipa hasara) wa 1972 haukuzuii. Lakini njia yenyewe ya mkataba huo ni nyingine: serikali yako inaidai serikali iliyorusha. Kwa madhara yaliyotokea ardhini, au kwa ndege iliyo angani, huna haja ya kuthibitisha uzembe wa mtu. Inatosha kuonyesha kwamba kitu ni chao na hasara imetokana nacho.

Hatua zake ni hizi. Kwanza hasara iandikwe kabla eneo halijasafishwa: picha, vipimo, cheti cha daktari, tathmini ya nyumba au mazao. Mkataba unataja kifo, majeraha, afya kuharibika na mali kupotea au kuharibika. Hofu tupu ya usiku mmoja haina mstari wake. Pili, wizara ya mambo ya nje inapeleka dai kidiplomasia, na kama hakuna uhusiano wa kibalozi linapitia nchi ya tatu au kwa Katibu Mkuu. Muda ni mwaka mmoja tangu tukio, au tangu mrushaji alipotambulika. Mwaka mwingine ukipita bila mapatano, kila upande unaweza kuomba iundwe tume ya watu watatu. Hapa ndipo mkataba unapolegea: uamuzi wa tume hiyo unafunga pale tu pande zote mbili zilipokubali hivyo. Vinginevyo ni pendekezo.

Mfano unaotajwa kila mara ni Cosmos 954, setilaiti ya Urusi ya Kisovieti iliyokuwa na kinu cha nyuklia. Ilianguka kaskazini mwa Kanada tarehe 24 Januari 1978 na kutawanya vipande vyenye mionzi. Kanada ilidai zaidi ya dola milioni 6 za Kanada. Mwaka 1981 ikakubali milioni 3.

Kuna jambo linalowashangaza wengi: mkataba huu haumhusu raia wa nchi iliyorusha. Machi 2024 kipande cha chuma cha kama gramu 700, kilichotoka kwenye shehena ya betri zilizotupwa na Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kilitoboa paa la nyumba huko Naples, Florida. Wenye nyumba ni Wamarekani na betri zilikuwa za NASA, hivyo dai lao likawa suala la sheria za Marekani zenyewe. Kingeanguka Naivasha, kingeangukia kwenye mkataba.

"Kukodisha pwani yetu kurushia roketi ni biashara ya kodi tu"

Hili ndilo linalonipa wasiwasi kuliko mengine, kwa sababu mazungumzo ya kujenga uwanja wa kurushia kwenye pwani ya ikweta hayaishi, na yana sababu nzuri. Ukirusha kuelekea mashariki kutoka ikweta, mzunguko wa Dunia unakupa bure kama mita 465 kwa sekunde, na upande huo ni bahari tupu. Waitaliano walilijua hilo zamani. Kutoka jukwaa lao la San Marco, nje kidogo ya Malindi, ndiko ilikorushwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miali ya eksirei ya nyota, tarehe 12 Desemba 1970. Ilikuwa Jamhuri Dei, sikukuu ya taifa ya Kenya, nayo ikapewa jina la Uhuru.

Lakini tazama Mkataba wa Dhima unavyomtaja "dola iliyorusha". Ni yeyote kati ya hawa: anayerusha, anayegharamia kurushwa, mwenye ardhi, na mwenye mitambo. Wakiwa wengi, aliyeumizwa anaweza kumdai mmoja wao fidia nzima. Aliyelipa ndiye atakayewafuata wenzake. Mwenye ardhi basi anapokea kodi pamoja na dhamana. Ndiyo maana mkataba wowote wa kukodisha uwanja unatakiwa uwe na kipengele cha mrushaji kubeba hasara, bima yenye kiwango kilichotajwa, na haki ya mwenye ardhi kukagua mahesabu ya njia ya roketi kabla ya kuwasha moto.

Kinyume chake ni kweli pia. Setilaiti ya Taifa-1 ya Kenya ilirushwa tarehe 15 Aprili 2023 kutoka Vandenberg, California. Kenya haikurusha roketi, ila kwa kugharamia safari ni dola iliyorusha sawa na Marekani.

"Setilaiti ikimaliza kazi huanguka na kuungua yote"

Inategemea iko juu kiasi gani. Kwenye kilomita 400 bado kuna hewa nyembamba inayoivuta, hivyo hushuka kwa miezi au miaka michache. Kwenye kilomita 800 huweza kukaa karne nzima na zaidi. Kwenye kilomita 35,786, zilipo setilaiti nyingi za televisheni, haishuki kabisa. Inayostaafu husukumwa kama kilomita 300 juu zaidi, kwenye makaburi yake. Na inaposhuka, alumini huyeyuka mapema lakini titani na chuma cha pua hufika chini, hasa matangi ya duara na pete nene.

Iliyobaki juu si mzoga mtulivu. Mafuta yaliyosalia yanaweza kulipuka, betri zikapasuka, na chombo kimoja kikawa vipande mia. Kwa hiyo mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 2007 kuhusu taka za angani unataka nishati yote iondolewe kazi ikiisha: mafuta yachomwe au yaachiliwe, gesi ipunguzwe, betri zitolewe chaji na kukatwa kwenye paneli za jua. Muda wa kukaa juu baada ya kazi ulizoeleka kuwa miaka 25. Mwaka 2022 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliupunguza hadi 5 kwa setilaiti za obiti ya chini inazozipa leseni.

Tarehe 10 Februari 2009 Iridium 33, iliyokuwa kazini, iligongana na Cosmos 2251 ya Urusi, iliyokuwa imekufa tangu 1995, karibu kilomita 790 juu ya Siberia. Mwendo kati yao ulizidi kilomita 11 kwa sekunde. Huko juu dhima hudaiwa kwa kosa, si kama ardhini, na kumtafuta mkosaji kati ya anayeweza kukata kona na maiti isiyo na usukani si kazi rahisi.

"Anga iliyo juu ya nchi yetu ni yetu"

Tulishadai hivyo. Desemba 1976, mjini Bogotá, nchi za ikweta zikiwemo Kenya, Uganda na Zaire zilitangaza kuwa vipande vya obiti ya kilomita 35,786 vilivyo juu yao ni mali yao. Kifungu cha 2 cha mkataba wa 1967 kinakataza umiliki huo, na dai halikukubaliwa. Hata hivyo makelele yale hayakupotea bure: mpango wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) wa 1988 ulizitengea nchi nafasi na masafa ya mawimbi kwa setilaiti za mawasiliano. Anayetaka nafasi nje ya mpango huwasilisha maombi, huelewana na majirani wa masafa, kisha ana miaka 7 ya kuweka setilaiti na kuionyesha ikifanya kazi pale siku 90 mfululizo. Akichelewa, foleni inamruka.

"Mkataba umepiga marufuku silaha zote"

Mkataba wa 1967 umekataza silaha za nyuklia na za maangamizi kuwekwa kwenye obiti. Kombora la kawaida la kuvunja setilaiti halimo. China ilivunja yake Januari 2007, ikaacha vipande zaidi ya 3,000 vinavyofuatiliwa. Urusi ikafanya hivyo Novemba 2021.

"Umoja wa Mataifa una askari wa huko"

Una kamati ya matumizi ya amani ya anga za juu, COPUOS, yenye wanachama zaidi ya 100, inayokutana Vienna na kuamua kwa maafikiano. Mmoja akipinga, jambo halipiti. Miongozo yake 21 ya uendelevu, ya mwaka 2019, ni ya hiari. Meno hupatikana nchi inapoiandika ndani ya masharti ya leseni zake.

"Ushirikiano huu unawafaa wenye roketi tu"

Setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mchemraba wa sentimita 10, iliachiliwa kutoka Kibo, maabara ya Japani kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, tarehe 11 Mei 2018 chini ya mpango wa Umoja wa Mataifa na Japani, bila kulipia safari. Mafuriko yakija, nchi yoyote inaweza kuomba picha za setilaiti bila malipo kupitia Mkataba wa Kimataifa wa Anga na Maafa Makubwa, unaofanya kazi tangu mwaka 2000. Kinachotakiwa ni ofisi ya maafa ya taifa iwe imejisajili mapema na wafanyakazi wake wajue fomu. Anayeanza kujisajili maji yakiwa yameshaingia ndani hupata picha za matope.