Guangzhou: unachokiogopa sicho kitakachokukwamisha

Kila kijana wa Kariakoo anayejiandaa kwenda Guangzhou, kusini mwa China, kuchukua mzigo huniuliza maswali yaleyale: nitakula nini, nitaelewana nao vipi? Swali la karatasi za viza na polisi silisikii. Miaka niliyoishi kule, watu niliowaona wakilia hawakulilia ugali. Haya ndiyo maneno ninayoyasikia kila mara, na majibu yangu.

"Nikifikia kwa mwenzangu, nimeokoa hela ya hoteli, mambo yameisha." Hili ndilo linaloniuma zaidi. Hotelini, anayechukua pasipoti yako pale mapokezi ndiye anayekuandikisha polisi. Ukilala nyumbani kwa mtu, jukumu hilo ni lako na la mwenyeji wako, na sheria inawapa saa 24 tangu ufike. Mnakwenda kituo cha polisi cha mtaa ule na pasipoti na mkataba wa pango, mnapewa kikaratasi chenye anwani ya unapolala. Usipojiandikisha, faini inaweza kufika yuan 2,000. Ukihama chumba, unajiandikisha upya, hata kama umehamia jengo la pili tu. Jirani yangu mmoja, mtu makini katika kila kitu, alihama akakaa kimya. Siku alipokwenda kuomba kuongezewa viza, alifungua bahasha yake pale dirishani akatoa kikaratasi cha anwani ya zamani. Kontena lake lilikuwa halijajaa bado. Mikono ilimtetemeka.

"Viza ya biashara inakuruhusu kufanya lolote." Haikuruhusu. Viza ya aina ya M ni ya kununua bidhaa, kutembelea viwanda, kuhudhuria Maonyesho ya Canton, yale maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, ambayo yalianza mwaka 1957 na hufunguliwa Aprili na Oktoba. Kufundisha Kiingereza chekechea au kuhudumu baa ni ajira, na ajira bila kibali ina faini ya yuan 5,000 hadi 20,000. Kupitiliza siku za viza kunaweza kukutoza yuan 500 kwa kila siku, jumla isizidi 10,000, au kuwekwa ndani siku 5 hadi 15. Tafadhali hesabu siku zako mwenyewe, usimwachie ajenti.

"Dola mfukoni zinatosha." Zibadilishe ziwe yuan kwanza. Noti za yuan ni halali na muuzaji haruhusiwi kuzikataa, ila mara nyingi hana chenji, kwa kuwa hata muuza viazi vitamu wa barabarani amening'iniza msimbo wa kuskani kwa simu ili ulipe. Tangu 2023 mgeni anaweza kuunganisha kadi yake ya Visa au Mastercard na Alipay au WeChat, programu za simu wanazolipia kule. Fanya hivyo ukiwa bado nyumbani. WhatsApp na Google vimefungwa kwenye mitandao ya China. Laini yako ya huku ikiwashwa huduma ya kutumika nje ya nchi (roaming) huvipata, lakini gharama yake utaisikia.

"Watakulisha nyoka bila wewe kujua." Supu ya nyoka ilikuwepo Guangdong, jimbo la Guangzhou, kabla ya marufuku ya kula wanyamapori ya 2020, na hata wakati huo iliagizwa kwa makusudi, haikutumbukia kwenye bakuli lako kwa bahati mbaya. Guangzhou ni mji wa wali, samaki na mboga za majani, vitu ambavyo mtu wa pwani anavijua. Muislamu atafute maandishi ya qingzhen mlangoni, yaani halali. Migahawa ya tambi za Lanzhou, ambayo mingi ni ya Waislamu, imetapakaa, na tambi huvutwa kwa mkono mbele ya macho yako. Ukiwa Xiaobei, mtaa wa Guangzhou wenye Waafrika wengi, hata pilau utaipata.

"Kiingereza kitanivusha." Sokoni kitakuvusha kidogo, kwa sababu bei inaandikwa kwenye kikokotoo. Kwa daktari, kwa mwenye nyumba na kwa polisi wa mtaa hakitoshi. Kichina chenyewe huko ni viwili: Kimandarini, na Kikantoni ambacho wenyeji huongea majumbani. Anza na namba, kisha neno mai. Ukishusha sauti kisha ukaipandisha, ni kununua. Ukiishusha ghafla, ni kuuza. Mfanyabiashara hawezi kuishi bila kuzitofautisha. Halafu jifunze "m goi" ya Kikantoni, inayofaa kuombea na kushukuria. Mama muuza matunda chini ya jengo letu alikuwa akinipimia maembe bila hata kuniangalia usoni. Siku niliyomwambia m goi, alimimina yote yaliyokuwa kwenye mfuko, akaanza kunichagulia upya, moja moja, akiyanusa kwenye kikonyo.