Umepata "kiwanja cha kuweka"? Soma kwanza kabla hujatuma hela

Tangu bandari kavu ya Kwala izinduliwe Julai 2025, sisi tunaofanya kazi za ardhi huku Pwani simu hazipoi. Swali ni lile lile: nimepata kiwanja karibu na Kwala, dalali anasema mwezi ujao bei inapanda, je ni salama? Nashukuru sana watu wanaouliza, ila wengi wanauliza wakiwa wameshalipa, na hapo mimi afisa ardhi nakuwa sina ushauri tena, nakuwa na pole.

Niweke wazi, ofisi haimkatazi mtu kununua ardhi, na maelezo haya ni ya jumla maana kila faili lina mambo yake. Ninachoongelea ni huu mtindo wa kununua viwanja vitatu vinne sehemu ambayo huna mpango wa kujenga wala kulima, unakiacha kiote majani ukisubiri bei ipande uuze. Watu wanaita uwekezaji, na ukimhoji mtu anakujibu "ardhi haishuki bei". Sijui hii kauli ilianzia wapi ila imetuletea mafaili mengi.

Waulize walionunua Zinga na Mlingotini kule Bagamoyo kipindi cha habari za bandari. Makubaliano yalisainiwa 2013, jiwe la msingi likawekwa Oktoba 2015, na kila shamba likawa "karibu na bandari" hata kama ni mwendo wa bodaboda nusu saa, halafu mradi ukasimama kwa miaka. Ardhi ipo pale pale, haijaenda popote, ila mnunuzi wa bei ile uliyoahidiwa ndio hayupo. Kigamboni vilevile, mpango wa mji mpya ulitangazwa 2008 na watu wakaambiwa wasiendeleze maeneo yao wasubiri, wakasubiri miaka na miaka huku hujengi na ukiuza hakuna anayetaka kununua zuio. Mradi wa serikali ukitangazwa haina maana umeanza, na ukianza haina maana unapita kwako, na ukipita kwako huenda ndio unachukuliwa kwa fidia. Na fidia inathaminiwa kwa bei ya soko la siku hiyo, sio ile iliyoko kichwani kwako. Posho ya makazi anapewa mwenye nyumba, wewe mwenye majani huna nyumba ya kuhama.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme ulinunua kwa milioni 8 mwaka 2015, leo umepata mteja wa milioni 12, unasema nimepata faida milioni 4. Dalali anataka asilimia 10 yake, milioni 1.2 imeondoka. TRA, mamlaka ya mapato, wanataka kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi (misamaha ipo, na asiye mkazi kiwango chake kiko juu), na gharama zozote unazodai ulitumia uwe na risiti, sio maneno. Ushuru wa stempu asilimia 1, kisheria ni wa mnunuzi ila mnunuzi mjanja atakubana uupunguze kwenye bei. Bado wakili, bado mthamini, bado kodi ya pango la ardhi ya miaka kumi ambayo hukulipa hata mwaka mmoja kwa sababu ulisema "si kiwanja tu". Mkononi unabaki na milioni 10 na kitu. Sasa chukua mfumuko wa bei wa asilimia 4 tu kwa mwaka, milioni 8 za mwaka 2015 ni kama milioni 11.8 za leo, kwahiyo umesubiri miaka kumi umepata hasara na bado unawaambia ndugu zako wanunue.

Na hapo nimemchukulia mwenye hati safi. Mwenye hati akija kuuza tunamwambia alete fomu namba 29 ya taarifa ya uhamisho, namba 30 ya maombi ya kibali na namba 35 ya uhamisho wenyewe, mkataba wa mauziano uliopita kwa wakili, hati halisi, picha za pasipoti za pande zote mbili, stakabadhi za kodi ya pango mpaka mwaka husika, taarifa ya uthamini, na ridhaa ya mwenza kama mna ndoa. Kuna anayekasirika hapo kwenye ridhaa, eti kiwanja nilinunua mwenyewe mke wangu wa nini. Bwana mkubwa, lete ridhaa, hatubishani dirishani. Hiyo yote inachukua muda, wakati wewe ulishapanga hela ya kiwanja ndio ada ya mtoto Januari. Ardhi haiuziki kwa haraka ukiwa na shida, na ukiwa na shida ndio mnunuzi anakushusha bei.

Kingine ambacho watu hawakisomi ni hati yenyewe. Wanaangalia jina lao lipo, wanafunga kabatini. Soma masharti. Nchi hii ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, wewe umepewa haki ya kuitumia kwa miaka 33, 66 au 99 na kwa masharti, na sharti la kawaida la kiwanja cha makazi ni upeleke michoro ya nyumba halmashauri ndani ya miezi sita na umalize ujenzi ndani ya miezi 36. Yaani hati inakwambia ujenge, wewe umenunua ili usijenge. Ukikiuka unaandikiwa notisi, unapewa nafasi ya kujieleza, ukikaa kimya mapendekezo ya ubatilisho yanaenda kwa Kamishna, na ilani ya ubatilisho inaanza kufanya kazi baada ya siku 90. Notisi inatumwa kwenye anwani uliyoandika kwenye fomu, kwahiyo usije kusema hukuiona kama uliandika sanduku la posta la mjomba aliyestaafu. Sio kila kiwanja kisichojengwa kinabatilishwa, sitaki kutisha watu, ila mamlaka hayo yapo na yanatumika.

Sasa wenye karatasi za mtendaji, yaani mkataba wa kuuziana wenye muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji bila hati, nyie ndio wengi. Siku moja dada mmoja alinipa mkataba wake niusome, hatua 20 kwa 20, kusini kuna mwembe, mashariki njia ya miguu, magharibi shamba la mzee fulani, mihuri mitatu, mashahidi sita wameweka dole gumba. Nikamuuliza hatua za nani, za dalali mrefu au za mzee? Tulipochukua kipimo cha GPS tukakiweka kwenye mchoro wa mipango miji, mwembe ulikuwa eneo la wazi na nusu ya kiwanja ipo kwenye barabara. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa unathibitisha kwamba mlikutana mkakubaliana, hauthibitishi mipaka, hauthibitishi matumizi, hauthibitishi muuzaji ni mwenye mali. Na kama ni ardhi ya kijiji, mwenyekiti peke yake hana mamlaka ya kukupa hata futi moja, inaamua halmashauri ya kijiji kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, kwahiyo omba muhtasari wa kikao wenye majina na tarehe. Ile asilimia 10 ya "serikali ya mtaa" mnayolipa kila mkiuziana haipo kwenye sheria, mawaziri wameshaikemea mara ngapi, na bado mnalipa halafu mnakuja kwetu kulalamika.

Angalia pia eneo la hifadhi, yaani ukanda wa barabara au maji usioruhusiwa kujengwa. Barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, sio kutoka lami inapoishia. Bahari, mto na ziwa ni mita 60. Viwanja vya "mandhari ya bahari" vya bei ya kutupa mara nyingi viko humo humo.

Halafu viwanja vya kulipa kidogo kidogo kwa kampuni. Kampuni nzuri zipo, sitaji jina la yeyote kwa uzuri wala ubaya. Ila uliza: shamba mama, yaani shamba zima lililokatwa viwanja, lina hati ya nani, ramani ya upimaji imeidhinishwa na kusajiliwa kwa namba gani, au bado "ipo kwenye mchakato"? Kama ipo kwenye mchakato, ujue hapo hakuna kiwanja bado, kuna shamba lililochorwa rangi kwenye kipeperushi, na bikoni, zile nguzo za mipaka, mnazopelekwa kupiga nazo picha Jumamosi anaweza kuzisimika mtu yeyote mwenye saruji.

Na wale wa kununua na kuondoka, hasa ndugu zetu mlioko nje mnaotumiwa video ya kiwanja kwa simu, mtu akikaa kwenye ardhi yako ukanyamaza miaka 12 unapoteza haki ya kumdai mahakamani. Wavamizi wanajua hii sheria kuliko nyie.

Ukishapata mgogoro usikimbilie kwetu tu. Baraza la kata tangu 2021 linasuluhisha, haliamui, na lisipofanikiwa ndani ya siku 30 unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo kwa kesi za kurudishiwa ardhi linasikiliza mpaka thamani ya milioni 300, zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Aliyekuuzia kwa udanganyifu ni kesi ya polisi, kujipatia mali kwa udanganyifu ni hadi miaka saba jela, ila mtu kufungwa hakukurudishii hela yako.

Kabla hujalipa, omba upekuzi rasmi kwa msajili wa hati kama ina hati, na kama haina, lete vipimo vya eneo tukuangalizie kwenye mchoro. Ukija njoo na mkataba wenyewe, sio picha ya mkataba iliyopigwa usiku, na kitambulisho cha NIDA chenye jina lile lile, maana kuna mafaili mengi hapa yamekwama kwa sababu mtu alinunua akiwa Mama Fulani na serikali inamfahamu kwa jina lingine kabisa.