Ivuna: jiwe dogo la Songwe linalopimia mfumo wa Jua

Mkoa wa Songwe una mawe mawili mashuhuri yaliyotoka angani. La kwanza karibu kila Mtanzania amelisikia: kimondo cha Mbozi, donge la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi pale Ndolezi, ambako wageni hupiga picha na watoto wa shule hupelekwa kulishika kwa mikono yao. La pili lilianguka tarehe 16 Desemba 1938 huko Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa, eneo lililojulikana tangu zamani kwa uchemshaji wa chumvi. Kilichookotwa kilikuwa na gramu 705 hivi, hata kilo haifiki. Ukiniuliza mimi, mtu wa jiokemia, yaani kemia ya miamba, ni lipi lenye thamani zaidi kisayansi, sitasita: ni hilo dogo.

Duniani kote wataalamu wa vimondo wana kundi wanaloliita CI. Herufi C inasimama badala ya kaboni, na I badala ya Ivuna. Ni kundi adimu. Vilivyoonekana vikianguka ni vitano tu: Alais mwaka 1806 na Orgueil mwaka 1864, vyote Ufaransa; Tonk huko India mwaka 1911; Ivuna; na Revelstoke huko Kanada mwaka 1965, ambacho mabaki yake yote yalikuwa gramu moja hivi. Orgueil ndicho kikubwa kuliko vyote, zaidi ya kilo 10, na ndicho kinachotumika zaidi maabara, lakini jina la ukoo limebaki kuwa la Ivuna.

Umuhimu wake uko hapa. Jua limebeba zaidi ya asilimia 99 ya maada yote ya mfumo wetu, kwa hiyo anayetaka kujua wingu lililozaa sayari lilikuwa na nini ndani yake, lazima aanze na Jua. Kemia ya Jua tunaisoma kwenye mwanga wake, na mwanga hausemi kila kitu. Elementi zilizo chache sana hazionekani vizuri. Sasa chukua unga wa jiwe la Ivuna, pima magnesi, silikoni, chuma, kalsi, nikeli na elementi nyingine kadhaa, kisha linganisha uwiano wake na ule wa Jua. Zinakubaliana kwa namna ya kushangaza. Zinazokosekana ni zile zinazopenda kuwa gesi, kama hidrojeni na heli, ambazo jiwe haliwezi kuzishika kwa wingi. Lithi ni kinyume chake: imo zaidi kwenye kimondo, kwa sababu Jua limekuwa likiiteketeza kwa joto tangu lilipozaliwa, na iliyosalia usoni pake ni pungufu kwa zaidi ya mara 100. Ndiyo maana vimondo vya CI ni mawe ya mizani ya fani yetu. Tukipima mwamba wa Mwezi, lava ya Oldoinyo Lengai au udongo wa Mirihi, mara nyingi tunaeleza matokeo kwa kusema ni mara ngapi umezidi au kupungukiwa ukilinganishwa na CI.

Hiyo ni kemia ya kawaida, ya kuuliza kuna nini na kiasi gani. Isotopi zinauliza swali jingine: kilitoka wapi, na lini.

Atomu za elementi moja zina idadi ile ile ya protoni, lakini nyutroni zinaweza kutofautiana, na hapo uzito hubadilika; aina hizo za uzito tofauti ndizo isotopi. Katika kila atomu 10,000 za oksijeni hapa duniani, takriban 9,976 ni oksijeni-16, kama 20 ni oksijeni-18, na 4 tu ni oksijeni-17. Maji yakifuka, yakiganda, au mwamba ukiyeyuka, uwiano huo huyumba kidogo, lakini huyumba kwa utaratibu: badiliko la oksijeni-17 huwa takriban nusu ya lile la oksijeni-18. Mwaka 1973 Robert Clayton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walipima vipande vyeupe vya kimondo cha Allende, kilichoanguka Mexico mwaka 1969, wakakuta havifuati utaratibu huo kabisa. Hakuna mvuke, barafu wala volkano ya duniani inayoweza kuleta tofauti ya aina ile. Tangu hapo oksijeni imekuwa kitambulisho cha kwanza anachodaiwa kila kimondo.

Baadaye zikaja elementi nzito zaidi: kromi, titani, molibdeni. Hapa kazi inakuwa ya kuchosha, na nadhani umma ungefaidika kuijua. Kipande cha Ivuna cha miligramu kadhaa husagwa katika kinu cha akiki, wala si cha chuma, kwa kuwa chuma cha pua kina kromi na nikeli, na mkwaruzo mmoja unaharibu jibu. Unga huo huyeyushwa kwa asidi kali ndani ya chombo cha tefloni kilichofungwa na kupashwa joto kwa siku kadhaa. Kimiminika hupitishwa kwenye vimirija vyenye chembechembe za utomvu maalumu, tone kwa tone, hadi kromi ibaki peke yake. Ndipo mashine ya kutenganisha atomu kwa uzito inapoanza kuhesabu. Kinachotafutwa ni kidogo mno: kromi-54 ya Ivuna imezidi ile ya miamba ya dunia kwa sehemu kama moja na nusu katika 10,000. Kidogo, ndiyo, lakini kinapimika, na kinarudi kile kile kila kikipimwa upya.

Vipimo vya namna hii vimeugawa mfumo wa Jua katika koo mbili. Upande mmoja wamo Dunia, Mirihi na vimondo vingi vya kawaida. Upande mwingine vimo vimondo vyenye kaboni, Ivuna kikiwemo, pamoja na baadhi ya vimondo vya chuma. Koo hizo hazikuchanganyika kwa mamilioni ya miaka ya mwanzo. Maelezo yanayopendelewa na wengi ni kwamba sayari ya Mshtarii ilikua mapema mno ikawa kizuizi katikati ya vumbi la ndani na la nje. Mimi naona hoja hiyo ina nguvu, ingawa wapo wanaodhani diski ya vumbi iliyolizunguka Jua changa yenyewe ilikuwa na mipaka bila kuhitaji Mshtarii.

Kimondo cha Mbozi nacho kina lake. Kina nikeli karibu asilimia 9, kiwango ambacho chuma cha tanuri za kienyeji hakiwi nacho, na hicho ndicho kipimo cha kwanza tunachofanya mtu akituletea donge zito la kutu. Lakini vimondo vya chuma hupangwa katika makundi kwa kiasi cha gali, jermani na iridi, na Mbozi hakiingii kundi lolote. Ili kundi litambuliwe, wanahitajika wanachama angalau watano. Mbozi hakina ndugu wa kutosha.

Turudi Ivuna, maana habari kubwa ni ya juzi. Desemba 2020 chombo cha Kijapani, Hayabusa2, kilileta gramu 5.4 za udongo wa Ryugu, asteroidi, yaani mwamba mdogo unaolizunguka Jua. Zilipopimwa, majibu yalitoka wazi: Ryugu ni wa ukoo wa Ivuna, kwa kemia na kwa isotopi. Kwa mara ya kwanza tulikuwa na CI ambayo haijawahi kuvuta hewa ya dunia. Na tofauti zikaonekana. Vimondo vya CI vya makumbusho vina chumvi za salfati, Ryugu hana. Vina maji mengi zaidi kati ya matabaka ya madini yake ya mfinyanzi. Ryugu anayo machache. Kumbe sehemu ya tuliyokuwa tukiyaita maumbile ya angani ilikuwa unyevunyevu wa kabatini.

Septemba 2023 zikaja gramu 121.6 kutoka asteroidi Bennu, zilizoletwa na chombo cha Marekani, OSIRIS-REx. Ndani yake wakakuta chumvi za sodiamu zilizobaki baada ya maji ya kale kukauka, ikiwemo magadi, madini yale yale yanayochotwa Ziwa Magadi kule Kenya. Chumvi za aina hiyo huharibika upesi zikikutana na hewa yenye unyevu, na ndiyo sababu hazikuwa zimeonekana hivyo kwenye mawe yaliyoanguka yenyewe. Kipande cha Ivuna kilichoko Makumbusho ya Historia ya Asili, London, sasa kinatunzwa ndani ya gesi ya nitrojeni.

Vimondo vitaendelea kuanguka kwetu. Mbale, Uganda, ilipata mvua ya mawe hayo Agosti 1992, na kijipande cha gramu 3.6 kikamgonga mtoto kichwani baada ya kupunguzwa kasi na jani la mgomba. Thika, Kenya, ilipata chake Julai 2011. Ukiokota jiwe jeusi lenye ganda jembamba la kuungua mara baada ya kusikia mngurumo angani, usilioshe. Usilivunje kuangalia ndani. Usiligusishe sumaku, hata kama mtandaoni wanakushauri hivyo, kwa sababu sumaku ya mkononi hufuta kumbukumbu ya usumaku wa kale iliyohifadhiwa ndani yake. Lipige picha mahali lilipolala, andika saa na mahali, lifunge kwa karatasi safi ya alumini bila kulipapasa sana, liweke pakavu. Kisha wapelekee idara ya jiolojia ya chuo kikuu kilicho karibu, au kwa Tanzania Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma. Siku hiyo hiyo, kabla mvua haijanyesha.