Pambano usiku, mizani alfajiri

Saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, Dar es Salaam, kwenye korido ya nyumba ya wageni tuliyofikia. Kijana wangu, bondia wa ngumi za ridhaa asiyetakiwa kuzidi kilo 57, amepanda mizani yetu ndogo akiwa na bukta tu. Jana usiku ameshinda pambano lake la pili, raundi zote tatu. Mizani inasoma 57.6, na kupima rasmi ni saa moja. Ananiangalia bila kusema neno. Mimi ndiye niliyempakulia ugali na supu ya ng'ombe iliyokolea chumvi saa nne usiku, kwa furaha ya ushindi.

Zile gramu 600 alizitoa kwa kuruka kamba akiwa amevaa koti la mvua, akatema mate kwenye chupa hadi midomo ikapauka. Alipita. Jioni akapanda ulingoni na miguu mizito, raundi ya tatu mikono ikashuka, tukatolewa. Lilikuwa kosa langu, na tangu siku ile nimebadilisha karibu kila kitu katika namna ninavyowaandaa vijana wa Mbeya kwa mashindano.

Wanaofuatilia ngumi za kulipwa wamezoea bondia kupima uzito mara moja, siku moja kabla ya pambano. Baada ya hapo anakula, anakunywa, analala, na anapopanda ulingoni amerudisha kilo kadhaa. Ngumi za ridhaa haziko hivyo. Unapima siku ya kwanza, kisha unapima na kupita kwa daktari kila asubuhi ya siku unayocheza. Mashindano makubwa ya kimataifa mara nyingi huacha siku ya kupumzika katikati. Ya kwetu yanabanwa, kwa sababu kila siku ya ziada ni malazi na chakula cha timu nzima. Michael Yombayomba alipotuletea dhahabu ya Jumuiya ya Madola mwaka 1998 kule Kuala Lumpur, na Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike walipopata shaba Birmingham mwaka 2022, watu walisimuliana makonde. Mimi nilikuwa nawaza asubuhi zao.

Ugumu wenyewe uko hapa. Raundi tatu za dakika tatu zinakula wanga uliohifadhiwa kwenye misuli. Usipourudisha, kesho mikono haina nguvu. Lakini kila gramu ya wanga inayorudi kwenye misuli inashika takriban gramu tatu za maji. Bondia akirudisha gramu 150 za wanga, amepanda zaidi ya nusu kilo bila kunenepa hata kidogo. Chumvi nyingi usiku nayo inashikilia maji. Chakula kinachomponya ndicho kinachomzidisha kwenye mizani.

Kwa hiyo mlo mkubwa nimeuhamisha. Siku hizi tunashiba baada ya mizani: wali wa Kyela, mayai, ndizi, na ile supu yenye chumvi ndiyo inakuja wakati huo, kukiwa bado kuna saa nyingi kabla ya pambano. Baada ya pambano, ndani ya saa ya kwanza, anapata ndizi mbivu mbili na uji wa ulezi, na maji kwa mafungu madogo. Usiku ni wali kiasi na samaki au maharage, chumvi kidogo. Analala ameshiba, ila hajavimbiwa.

Hayo yote hayasaidii kama kijana ameingia uzito usio wake. Wiki sita kabla ya safari, kila mmoja ana daftari: anapima kabla ya kulala na anapoamka baada ya kukojoa. Wengi wao hupungua kati ya nusu kilo na kilo moja usiku, kwa pumzi, jasho na mkojo. Kila mtu ana kiwango chake, na lazima akijue kama anavyojua namba yake ya simu. Kijana anayeamka na kilo 59 hapa nyumbani huku anakula vizuri, simpeleki kwenye 57, hata aniombe vipi. Ataipata siku ya kwanza. Siku ya tatu atakuwa kivuli. Ninamtaka aamke na 56.7 akiwa ameshiba jana yake.

Sisi wa nyanda za juu tuna shida nyingine. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Juni hapa unafanya mazoezi umevaa sweta. Ukishuka Dar, zaidi ya kilomita 800 kwa basi, miguu imevimba kwa kukaa na jasho linatoka hata umesimama. Daftari la Mbeya linahitaji siku mbili za kusahihishwa kule pwani. Tukikosa nauli ya kuwahi, huwa nawaambia viongozi wazi kwamba tunaanza tukiwa nyuma.

Halafu kuna mikono. Usiku baada ya pambano ninafungua bandeji taratibu, nabonyeza kila kifundo kwa kidole gumba na kuangalia uso wa kijana, maana mdomo utasema "niko sawa, mwalimu" hata kama mfupa umepasuka. Maumivu ya misuli yakibonyezwa yanasambaa. Ya mfupa yanachoma sehemu moja, na bega linaruka. Mikono iliyovimba tu inaingia kwenye beseni la maji ya barafu dakika kumi, inatoka, inarudi. Barafu tunanunua kwa wauza samaki.

Ulingoni nataka ushindi wa bei nafuu. Ukiwa umechukua raundi mbili za kwanza, ya tatu cheza kwa miguu na konde la mbele, usikubali kusimama katikati kubadilishana makonde kwa sababu jukwaa linapiga kelele. Tangu mwaka 2013 wanaume watu wazima wanacheza bila kofia ya kinga, na mgongano mmoja wa vichwa ukikupasua juu ya jicho, daktari wa asubuhi hatakuruhusu hata kama uliongoza pointi zote.

Kwenye kichwa sina mjadala. Bondia ambaye mwamuzi amelisimamisha pambano lake kwa makonde ya kichwa, kanuni inamtaka akae nje siku zisizopungua 30. Lakini wapo wanaoshinda na kuamka na kichwa kizito, mwanga unawaumiza, na wanaomba dawa ya maumivu kabla ya kumwona daktari. Siwapi. Mwaka jana nilimtoa mmoja asubuhi ya nusu fainali. Alilia, baba yake akanipigia simu kwa hasira, nikamsikiliza mpaka akamaliza. Kisha nikamweleza nilichokiona: mwanawe alikuwa ameniuliza mara tatu, ndani ya chai moja, leo anacheza na nani.