Besi asitiwe Rutamba, hata kama watalii watakuja

Juzi kijana mmoja kaja ofisini kwetu hapa Lindi na simu yake, ananionesha video ya Mzungu anavutana na samaki mdomo mkubwa balaa, anaruka juu ya maji anajipiga piga, ni besi wa Marekani. Akaniuliza, afisa, hawa tukiwatia ziwa Rutamba si watalii watakuja na mishipi yao na kijiji kipate hela?

Hela siikatai. Ila besi anakula samaki wenzie, vyura, chochote kinachoingia mdomoni. Kenya walimtia ziwa Naivasha mwaka 1929 kwa ajili ya mchezo huo huo. Na sangara wa Victoria mnamjua, kaingizwa miaka ya 1950, minofu tumeuza sana lakini furu, wale samaki wadogo wa ziwa hilo, aina kibao hazionekani tena. (Kuna mwingine aliwahi kuulizia trauti, yule wa maji baridi. Kwa joto la Lindi atakufia kwenye ndoo.)

Sasa sikilizeni kitu wengi hapa hawakijui. Kati ya 2013 na 2016 watafiti waligundua kwamba maziwa ya Rutamba, Nambawala na Mitupa yana aina ya perege anayeitwa perege wa Korogwe, na ndugu zake wako huko Tanga, katikati hapa hakuna. Walivyopima vinasaba wakakadiria wa kwetu na wa Tanga wametengana kama miaka 140,000, yaani hakuna mtu aliyewabeba kwenye ndoo kuwaleta, ni wa kwetu kabisa. Tatizo sato, samaki wa kuletwa, kashaingia, ni mkubwa kuliko perege, na wanazaliana naye. Siku ukinunua samaki pale tandaza mkia uangalie, sato ana mistari imesimama mkia mzima, perege wetu hana hiyo, lakini chotara wengine wako katikati katikati, jicho linashindwa mpaka maabara.

Perege huyo huyo anayebanwa na sato ndo tumletee na besi wa kumla vifaranga? Na ziwa si bwawa la nyumbani useme utafungulia maji ukaushe uanze upya. Halafu kutia samaki wa kigeni bila kibali cha idara ya uvuvi ni kosa, hata kama ndoo ni yako.

Nikamwambia, kama ni mshipi waje wavue hao sato, kila sato anayetoka, perege anapata nafasi. Kijana akaguna, "sasa sato mbona haruki?"

Haruki kweli, ila anavuta.