Bomu la 1998 Dar halikuwa vita ya Waislamu na Wakristo

Likitajwa bomu la ubalozi wa Marekani hapa Dar es Salaam, Agosti 7, 1998, kijiweni hakosekani wa kusema ilikuwa vita ya Waislamu dhidi ya Wakristo. Sivyo.

Al-Qaeda, kundi lililolipua bomu hilo, walishaandika wenyewe wanachodai. Februari mwaka huohuo, kiongozi wao Osama bin Laden na wenzake walitoa tamko lenye malalamiko matatu: majeshi ya Marekani kukaa Saudi Arabia, vikwazo dhidi ya Iraq, na Marekani kuiunga mkono Israel. Ni kweli tamko limejaa lugha ya dini, likiwataja Wayahudi na wapiganaji wa msalaba. Lakini ukilisoma, madai yenyewe ni ya siasa, na Tanzania haimo kabisa. Hata tarehe inasema kitu: Agosti 7, 1990 ndiyo siku wanajeshi wa Marekani walipoanza kupelekwa Saudia.

Halafu tazama waliokufa. Ilikuwa Ijumaa, saa nne na ushei asubuhi. Boza la maji lilikuwa getini, lori la bomu likashindwa kuingia ndani. Walikufa watu 11, hakuna Mmarekani hata mmoja. Majina mengi kati yao ni ya Kiislamu. (Hili watu wa kijiweni hawalitaji.)

Mzanzibari Khalfan Khamis Mohamed, aliyepanga nyumba ya Ilala iliyotumika kuandaa bomu, alihukumiwa kifungo cha maisha New York mwaka 2001.